Jinsi ya Kutengeneza Filamu ya Mizimu ya Bwenini Mjini Moshi kwa Fedha Kidogo

Kijana anayetaka kutengeneza filamu ya kutisha hapa Moshi kwa kawaida huanza kwa kuuliza bei ya kukodi kamera, kisha huuliza ni nani anayeweza kumpaka mwigizaji unga na wanja hadi afanane na maiti. Maswali hayo mawili ndiyo yanayomaliza fedha yake kabla hajapiga picha hata moja. Nami nilianza hivyo hivyo, na filamu yangu ya kwanza, ambayo mzimu wake mwenye uso mweupe alionekana tangu dakika ya pili, iliwavunja mbavu watu ukumbini mwanzo hadi mwisho. Ya pili tuliipiga kwa siku tano, nyakati za usiku, katika bweni la shule iliyokuwa likizo, tukiwa na simu mbili, maiki moja na waigizaji tisa waliotoka vyuoni. Ilikuwa na dakika 18 tu, na mzimu wake haonekani kwa zaidi ya sekunde nne. Lakini safari hiyo nilimsikia mama mmoja nyuma ya ukumbi akiomba taa iwashwe. Ninayoyaeleza hapa yametokana na tofauti ya filamu hizo mbili.

Hadithi ianzie kwenye hesabu

Shule ya bweni inatisha hata kabla mzimu hajafika. Kuna kengele inayoamua mtu ale saa ngapi na alale saa ngapi, kuna prepo, kuna matroni mwenye tochi, kuna choo kilichojengwa mbali na bweni kana kwamba waliokijenga walikusudia, na kuna kanuni ambazo mwanafunzi mgeni, yaani njuka, huambiwa na wakubwa wake usiku wa kwanza bila kuelezwa sababu. Wengi wa watazamaji wako wamewahi kulala katika kitanda cha ghorofa, wakasikia malapa ya mtu yakipita koridoni saa nane za usiku, wakajifunika shuka gubigubi. Usiwabunie ulimwengu mpya. Chukua jambo moja wanalolijua na ulipindue kidogo tu.

Sisi tulichukua kuhesabu namba. Wanafunzi wanasimama kila mmoja mbele ya kitanda chake, matroni yuko mlangoni na daftari, na namba zinapita kutoka mdomo hadi mdomo: moja, mbili, tatu, hadi wa mwisho aliye karibu na dirisha anayesema ishirini na nne. Usiku wa kwanza wa hadithi namba zinakwenda haraka na hakuna kinachotokea. Usiku wa pili mmoja anakosea, wenzake wanacheka, matroni anagomba, wanaanza upya na kuishia ishirini na nne. Usiku wa tatu namba zinakwenda vizuri, ishirini na nne inasemwa, na baada ya kituo kifupi sauti ndogo ya msichana inasema ishirini na tano. Matroni, ambaye hajainua macho, anaandika 25. Kisha kalamu inasimama.

Onesho hilo halikutugharimu hata shilingi. Hatukuwa na waigizaji 24, kwa hiyo wale tisa walikuwa wakibadilisha nafasi, na kamera haikuonesha safu nzima hata mara moja. Namba nyingine zilitamkwa na watu waliokuwa wamekaa chini nyuma ya kamera. Ona pia kwamba hofu haiko kwenye usiku wa tatu, bali iliwekwa kwenye usiku mbili za mwanzo, pale mtazamaji alipojifunza hesabu sahihi bila kujua kwamba anafundishwa. Ukiukata usiku wa pili kwa sababu unaona unachelewesha hadithi, sauti ile ya mwisho itakuwa sauti tu.

Baada ya kupata jambo hilo moja, amua ni kiumbe gani unachoshughulika nacho, kwa sababu mtazamaji wa Tanzania anajua tofauti na hatakusamehe ukichanganya. Mzimu ni wa mtu aliyekufa, ana jina, ana kwao, na ana deni analodai au analodaiwa. Jini si mtu aliyekufa. Ni kiumbe chenye asili yake, na anayemtaka atafute ushauri wa watu wa pwani kabla ya kumleta hapa kwetu Kiboriloni, mjini Moshi. Msukule ni mtu anayedhaniwa amekufa kumbe amechukuliwa kwa uchawi akatumikishwe. Filamu ya wanafunzi inahitaji mzimu, kwa kuwa mzimu una sababu ya kuwa pale bwenini, na sababu hiyo ndiyo hadithi yenyewe. Wa kwetu alikuwa msichana wa kidato cha kwanza aliyetumwa na wakubwa wake kuchota maji usiku kwenye mfereji, akateleza, na lapa lake moja likaonekana asubuhi limenasa kwenye nyasi. Waliomtuma wakakubaliana kunyamaza. Kitanda chake kikatolewa, na bweni likabaki na vitanda 24.

Kwa namna hofu inavyosambaa miongoni mwa wanafunzi, hakuna haja ya kubuni, kwani nchi hii ina mfano uliochunguzwa na madaktari. Januari 30, 1962, katika shule ya bweni ya wasichana huko Kashasha, mkoani Kagera kwa sasa, wanafunzi watatu walianza kucheka wasiweze kujizuia. Hadi shule ilipofungwa Machi 18, wanafunzi 95 kati ya 159 walikuwa wamepatwa, wengine wakicheka na kulia kwa saa kadhaa, na hakuna ugonjwa wa mwili uliogunduliwa. Linalomfaa mwandishi wa filamu zaidi ya yote ni kwamba hakuna mwalimu hata mmoja aliyepatwa. Hofu ya bwenini inapita kati ya wanafunzi na kuwaruka watu wazima; ndiyo maana katika hadithi yako mwalimu asiwe mjinga wala katili, bali awe mtu mwema ambaye kweli hasikii kitu.

Mwisho wa hadithi usiwe mchungaji au shehe anayekuja na kumkemea mzimu kwa dakika kumi. Nimeziona filamu nyingi zikiishia hapo, na kila mara ninapata hisia kwamba mwandishi alichoka. Hapa Kilimanjaro tunalo isale, jani refu la kijani ambalo Wachaga hulipanda mipakani mwa kihamba, yaani shamba la ukoo, na makaburini, na ambalo aliyekosa hulipeleka kwa aliyemkosea ili kuomba radhi. Ni vigumu sana kwa aliyekosewa kulikataa. Onesho letu la mwisho ni la mmoja wa wale wakubwa, ambaye sasa ni mwalimu wa zamu, akishuka kwenye kijia cha migomba akiwa na jani la isale mkononi na lapa moja kwapani, akielekea nyumbani kwa wazazi wa yule msichana. Hatukuonesha wakimpokea.

Mambo ya kukaa nayo mbali

Usitumie msiba wa kweli. Mwaka 1994 moto wa bweni la wasichana wilayani Rombo uliua wanafunzi zaidi ya 40, na ndugu zao wapo, wanatazama filamu kama watu wengine. Buni shule, buni jina lake, shona au nunua sare ambayo haifanani na ya shule yoyote ya jirani, na uondoe nembo. Sketi na sweta za rangi moja zinapatikana kwa bei nafuu kwenye mitumba ya Soko la Memorial, na zikifuliwa mara mbili tatu zinapata uchakavu ambao duka halikuuzii.

Jambo la pili ni Old Moshi. Kila baada ya muda hutokea mtu mwenye wazo la kupiga filamu ya mzimu wa Mangi Meli, chifu wa Wachaga wa huko, aliyenyongwa na Wajerumani mwezi Machi mwaka 1900 pamoja na viongozi wengine, na ambaye inasimuliwa kwamba kichwa chake kilipelekwa Ujerumani. Ukoo wake umekitafuta kwa miaka mingi. Habari hiyo inastahili filamu, lakini si filamu ya kuwashtua watu kwa makelele, wala si ya kutengenezwa na vijana ambao hawajakaa na wazee wa huko wakawasikiliza.

La tatu ni yule bibi kikongwe mwenye macho mekundu anayeishi peke yake na ambaye hatimaye hugundulika kuwa mchawi. Katika nchi hii wapo vikongwe waliouawa kwa sababu ya macho yaliyokuwa mekundu kwa moshi wa kuni tu. Mtoe kwenye mswada wako. Na ikiwa huwezi kumtoa bila hadithi kuanguka, basi hadithi ilikuwa haijasimama.

Vibali

Sehemu hii haina raha, lakini ipitie kabla ya kuwaita waigizaji. Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza Na. 4 ya mwaka 1976 inataka uwe na kibali kabla ya kupiga filamu, na Bodi ya Filamu Tanzania ndiyo inayoshughulikia jambo hilo, kama ambavyo ndiyo inayoikagua filamu na kuipa daraja la umri kabla haijaoneshwa hadharani. Afisa utamaduni wa halmashauri atakuelekeza kwa kuanzia. Kwa upande wa shule, zungumza na mkuu wa shule mwezi mzima kabla ya likizo ya Juni au ya Desemba, umwoneshe mswada wote bila kuficha kurasa za mzimu, na mwandikiane ni vyumba gani mtatumia na nani atalipia umeme. Ukitaka miti mikubwa ya msitu wa Rau, kumbuka kwamba ule ni hifadhi ya serikali na hauingiwi kiholela. Kama unafikiria droni, kuna kibali kingine kutoka Mamlaka ya Usafiri wa Anga, na kwa maoni yangu filamu ya bwenini haihitaji kupaa popote.

Waigizaji wako wawe wametimiza miaka 18. Kwa mujibu wa Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, aliye chini ya umri huo ni mtoto, na kumkesha mtoto usiku kucha akipiga mayowe ni kujitafutia matatizo na wazazi, na ni haki yao kukasirika. Mwanachuo wa miaka 20 akivaa sweta la shule na kunyoa nywele anaonekana wa kidato cha tatu bila shida.

Taa moja na chandarua

Simu ya kisasa inatosha, mradi uinyang'anye uamuzi. Weka programu inayokuruhusu kupanga mwenyewe mwanga, fokasi na kasi, kisha uvifunge visibadilike katikati ya shoti, kwa sababu hakuna kinachoua hofu kama giza linalojiongeza mwanga lenyewe. Piga kwa fremu, yaani picha moja moja, 25 kwa sekunde, na shata, yaani muda ambao kila fremu inapokea mwanga, iwe 1/50 ya sekunde. Umeme wetu ni wa hezi 50, maana yake balbu na tyubu nyingi hufifia na kung'aa mara 100 kwa sekunde. Shata ya 1/50 inakusanya mipigo miwili kamili katika kila fremu, na picha inatulia. Ukitumia kipimo kisicholingana na umeme utaona michirizi ikitambaa ukutani, nayo haifanani na mzimu hata kidogo.

Picha za nje za jioni zina muda mfupi. Jua la Moshi huzama kati ya saa kumi na mbili na robo na saa moja kasoro dakika chache, kutegemea mwezi, na baada ya hapo una kama dakika 20 za mwanga wa buluu ambao kwenye kamera unafanana na usiku wa mbalamwezi. Fanya mazoezi saa kumi, kila mtu ajue mahali pake, kisha upige shoti zote za nje ndani ya dakika hizo. Shoti moja ya mfereji tuliirudia jioni tatu, kwa sababu kila mara giza lilitukuta bado tunabishana.

Ndani ya bweni, zima taa zote za dari. Weka taa moja ya kuchaji nje ya dirisha, juu kidogo, ikiingiza mwanga kwa ubavu, na taa ndogo ya pili uiweke mkononi mwa mwigizaji, iwe tochi au simu. Mengine yabaki giza. Mishumaa na koroboi usivitumie, kwa kuwa bweni ni magodoro na vitambaa, na taa ya kuchaji yenye karatasi ya rangi ya chungwa mbele yake inadanganya vya kutosha.

Sasa tufike kwenye chandarua, ambacho nakihesabu kuwa kifaa bora kuliko vyote nilivyowahi kukodi. Chandarua cheupe kikimulikwa kutoka upande wa kamera, nyuzi zake zinarudisha mwanga kwenye lenzi, nacho kinaonekana kama ukuta mweupe usiopitisha macho. Taa hiyo ikizimwa na taa nyingine ikawashwa nyuma ya chandarua, nyuzi zinakuwa nyeusi, jicho linapita katikati yake, na kilichokuwa ndani kinaonekana chote. Kwa hiyo mweke mwigizaji wako ndani ya chandarua cha kitanda cha chini, akiwa amekaa na mgongo wima, uso ukielekea kamera. Mwenzake anatembea na tochi akimulika kitanda baada ya kitanda. Anapomulika chandarua hicho, ni cheupe, hakuna mtu. Anapita. Tochi inapoondoka, mtu wa taa aliyejificha nyuma ya kitanda anapandisha mwanga taratibu, kwa kidole tu, na yule aliyekaa anajitokeza pale ambapo sekunde tatu zilizopita hapakuwa na kitu. Kamera haikusogea, wala hakuna kilichohaririwa. Jaribuni mchana mkiwa mmefunga mapazia, kwa kuwa umbali wa taa hadi kwenye kitambaa unataka kupimwa kwa majaribio. Kwetu taa ya nyuma ilipaswa kummulika mtu tu bila kugusa chandarua chenyewe, na hilo lilituchukua saa nzima.

Kioo cha dirisha nacho kina ujanja wake, ambao majukwaa ya London yaliutumia tangu mwaka 1862. Usiku, chumba kikiwa na mwanga na nje kukiwa giza, kioo kinageuka kuwa kama kioo cha kujitazama. Mwigizaji asome prepo mbele ya dirisha, mzimu asimame kando ya kamera akiwa na taa yake ndogo, na katika kioo ataonekana kana kwamba amesimama nje, akimtazama msomaji. Ukizima taa yake, ameondoka.

Sauti ipewe fedha

Ukiwa na bajeti ndogo, gawanya kwa upendeleo. Sisi tulikuwa na shilingi 1,200,000: chakula na nauli vilichukua 450,000, maiki na kinasa sauti vya kukodi 300,000, taa na betri 200,000, mlinzi wa shule na fundi umeme 150,000, na zilizobaki zikawa za dharura. Kamera haikupewa chochote. Mtu huvumilia picha yenye chengachenga akidhani ndivyo ulivyokusudia, lakini sauti inayokwaruza humfanya atambue papo hapo kwamba anatazama kazi ya watu wasio na fedha.

Kosa langu kubwa lilikuwa jenereta. Kwa kuogopa umeme kukatika niliikodi, nikaiweka nyuma ya jiko, hatua kama 30 kutoka bwenini, na usiku ule nilidhani haisikiki. Kesho yake, nilipovaa hedifoni, ilikuwa ikinguruma chini ya kila neno, na kazi yote ya usiku wa kwanza ikatupwa. Tangu hapo natumia taa za kuchaji na betri za ziada, na kabla ya kupiga ninamtuma mtu azunguke kuzima mafeni, majokofu na simu za kila mmoja.

Mwisho wa kila onesho, watu wote wasimame walipo bila kupumua kwa nguvu, na urekodi dakika moja ya ukimya wa chumba kile. Ukimya wa bweni si sawa na ukimya wa korido, na katika uhariri utauhitaji kuziba matundu. Rekodi pia bati. Paa lililopata joto mchana kutwa hupoa na kusinyaa jua likizama, nalo hutoa milio mikavu, tak, kisha kimya, kisha tak tak, kama mtu anayetembea juu yake akisitasita. Kati ya saa moja na saa mbili usiku tulipata dakika 40 za milio hiyo, na tukaitumia filamu nzima badala ya muziki. Vyura wa mfereji, komeo la chuma, tranka likiburutwa kwenye sakafu ya saruji, chemchemi za kitanda cha ghorofa mtu anapogeuka: hivyo vyote virekodi kwa karibu, peke yake, baada ya waigizaji kwenda kulala.

Hatua za mzimu wetu tuliziunda kwa lapa moja lililoloweshwa maji. Msichana mmoja alivaa lapa mguu wa kulia, mguu wa kushoto ukiwa mtupu, akatembea polepole koridoni. Lapa likitua linapiga, pa. Mguu mtupu haulii, ila mara moja moja unasikika ukinata. Mtazamaji anasikia pa, kimya, pa, kimya, na anajiuliza kwa nini mtu huyu anaruka hatua. Dakika ya 11, lapa la pili linapoonekana uvunguni mwa kitanda, hakuna haja ya kumweleza mtu yeyote chochote.

Usiku wa kazi

Waarifu majirani. Sisi tulimwarifu mwenyekiti wa mtaa, naye akasahau kuwaambia watu, hivyo yowe la kwanza la usiku wa pili lilipopaa tulitembelewa na wanaume saba wenye marungu na tochi, ambao walitaka kujua ni nani anayemuua mtoto wa mtu. Baada ya chai walikaa kutazama, na mmoja wao, mwenye sauti nzito, akawa mlinzi katika onesho la nne. Tangu hapo nimekuwa nikipita mwenyewe nyumba hadi nyumba mchana wake.

Mayowe yenyewe yawe machache. Mwelekeze mwigizaji afanye kinyume cha kuogopa: anayesikia hatua koridoni aendelee kukunja sare yake, ila mikono ipunguze kasi. Katika onesho la namba hatukuwaambia waigizaji ni nani angesema ishirini na tano wala saa ngapi. Msemaji alikuwa amekaa chini ya dirisha nje. Shingo mbili ziligeuka, msichana wa tatu akafumba macho, na hakuna mazoezi ambayo yangewapa hayo. Shoti ya namna hiyo huipati mara ya pili, kwa hiyo hakikisha kamera zote zinazunguka kabla ya kuanza.

Panga onesho gumu zaidi lipigwe kabla ya saa sita usiku, watu wakiwa bado na akili. Mtori wa moto saa tatu na chai yenye tangawizi saa saba vinazuia ugomvi zaidi ya hotuba ya mwongozaji. Juni na Julai kuna baridi ya kweli, hasa mkipanda kuelekea Kibosho au Marangu, na pumzi inayoonekana mdomoni ni zawadi kwenye picha. Lakini mwigizaji aliyelowa maji ya mfereji apewe blanketi na akaushwe kila mnapokata.

Uhariri na onesho la majaribio

Programu ya DaVinci Resolve ina toleo la bure linalotosha kabisa, ingawa inataka kompyuta yenye nguvu kiasi. Anza kwa kuunganisha sauti na picha. Kama ulikumbuka kupiga kofi moja mbele ya kamera mwanzoni mwa kila shoti, kazi hiyo ni ya asubuhi moja. Kisha kata filamu yote bila muziki. Mahali ambapo unatamani kuweka ngoma ya kushtua, rudi utazame shoti iliyotangulia, maana mara nyingi imekatwa mapema mno. Shoti ya korido tupu inayodumu sekunde tano ni korido tu. Ikifika sekunde kumi na mbili, mtazamaji anaanza kuchungulia mlango mmoja mmoja, akitafuta kitu ambacho hukukiweka.

Usiipake filamu weusi mwingi. Kompyuta yako iko chumbani penye giza, ilhali mtazamaji wako atakuwa kwenye daladala saa nane mchana, akiwa na simu yenye kioo kilichopasuka. Tazama kila onesho kwenye simu ya bei rahisi, nje, juani, na uhakikishe kuna angalau kitu kimoja kinachoonekana katika kila fremu, hata kama ni ukingo wa kitanda.

Filamu ikiwa bado haijakamilika, waalike watu kumi ambao hawakushiriki, uwaketishe, nawe ukae nyuma yao ukiwa na daftari na saa. Usiitazame filamu, tazama migongo. Andika sekunde ambayo mtu anagusa simu yake, sekunde ambayo wawili wananong'onezana, na sekunde ambayo mabega yanapanda. Katika jaribio letu mabega yalipanda sekunde sita kabla ya mzimu wa chandarua kuonekana, yakashuka alipoonekana. Nilirudi nyumbani usiku ule ule nikaikata ile shoti yake hadi ikabaki sekunde moja na nusu, nikaziacha zile sita kama zilivyokuwa.